Printa Iliyochapa Peke Yake

Kila siku baada ya shule Shami alifuata utaratibu uleule, na mama yake alikuwa ameupanga barabara ili uvivu usipate pa kupenya. Kwanza viatu vilivuliwa mlangoni, kwa sababu vumbi jekundu la barabara mpya za Gahanga, pembeni mwa Kigali, huingia hata ndani ya soksi. Kisha sare ilitundikwa, vyombo vya mchana vikaoshwa, na ndipo vitabu vilipofunguliwa juu ya meza kubwa ya sebuleni. Nusu ya meza hiyo ilikuwa ya Shami. Nusu nyingine ilikuwa ya kazi ya mama, nayo ilikaliwa na kompyuta na printa nyeusi. Printa hiyo haikuunganishwa na kompyuta kwa waya wowote. Zote mbili zilitumia waifai ya nyumbani, na mama akibonyeza kitufe akiwa hata chumbani, karatasi zilitoka sebuleni.

Mama yake, Kellen, alikuwa mfasiri. Alikulia Bukoba kabla ya familia yake kurudi Rwanda, na ofisi za mjini zilimletea barua na mikataba ili aiweke katika Kiswahili kizuri. Baba yake, Bayingana, alikuwa na shughuli zake Mwanza na alirudi nyumbani mara mojamoja. Kwa hiyo siku nyingi walikuwa wawili tu, mama na binti yake wa miaka kumi na miwili.

Kuhusu zile mashine palikuwa na amri moja tu: neno la siri la waifai asipewe mtu yeyote. "Humu mna siri za watu," mama alikuwa akisema. "Anayeingia kwenye waifai yetu ni kama ameingia sebuleni."

Amri hiyo Shami alikuwa ameivunja wiki iliyotangulia. Kirezi, rafiki yake wa nyumba ya pili, alimwomba neno hilo kwenye ukuta unaotenganisha nyua zao. "Nipe tu, tafadhari," Kirezi alibembeleza. "Homework ya sayansi iko mingi na bando ya mama imeisha. Siwezi kuambia mutu." Shami alitazama huku na huku, akamtajia herufi moja moja kwa sauti ya kunong'ona. Kirezi akaliingiza neno hilo kwenye kompyuta ya mama yake jioni hiyohiyo. Hakuna aliyekemewa, hakuna kilichoharibika, na Shami akalisahau jambo hilo haraka sana, kama tunavyosahau sote mambo tusiyopenda kuyakumbuka.

Alhamisi, Shami akiwa peke yake mezani anapambana na sehemu na desimali, printa iliamka.

Taa yake ya kijani ilipepesa. Ndani kukaunguruma, kukagonga mara moja, kisha karatasi ikavutwa. Shami aliacha kalamu ikadondoka. Mama alikuwa mjini amepeleka kazi, na kompyuta yake ilikuwa imefungwa, mfuniko chini. Hakuna mtu aliyebonyeza chochote. Hata hivyo karatasi ilikuwa ikitoka polepole na maandishi makubwa yakijitokeza mstari mmoja baada ya mwingine.

WAMAMA WOTE, MUKUJE KWANGU JUMAMOSI SAA KUMI BILA KUKOSA.

MAMA SHAMI ATAPIGWA KULA.

YEYE ASIJUE. AKIJUA ATAKIMBIA. MUTU ASISEME.

Shami hakungoja mstari wa nne. Aliruka, akaung'oa waya wa umeme ukutani, na printa ikazimika na karatasi mdomoni. Aliichomoa. Aliisoma tena, akitumaini kwamba macho yake yamekosea, lakini maneno yalikuwa palepale. Mama Shami ni mama yake. Hapakuwa na Shami mwingine mtaani. Mama yake atapigwa. Na hilo neno la "kula" lilimtia hofu zaidi kwa sababu hakulielewa. Watakula nini? Watampiga kisha wale vitu vyake?

Alikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama biskuti, akaisukuma ndani ya soksi. Wazo lake la kwanza lilikuwa kumpigia mama simu. La pili lilikuwa kwamba mama angeuliza, "Nani ameingia kwenye printa yangu, na ameingiaje?" Aliyekuwa na ufunguo wa mlango huo wa siri alikuwa Shami, na Shami alikuwa ameutoa. Kirezi labda alikuwa amempa mtu mwingine, na huyo mwingine akampa mtu mbaya. Akisema habari ya karatasi, itabidi aseme na habari ya ukuta.

Basi akanyamaza. Alirudisha waya mahali pake ili mama asishuku kitu. Halafu, kwa kuogopa printa isije ikachapa tena, alibonyeza kitufe kidogo chenye alama ya mawimbi na kukishikilia mpaka taa ya buluu ikafa. Alijiona ameufunga mlango.

Kabla jua halijashuka, geti liligongwa. Alikuwa Mama Kirezi, mwanamke mnene mcheshi aliyezoea kuwaletea parachichi. Siku hiyo pia alikuwa na parachichi mbili mkononi.

"Shami we! Mama iko?"

"Hapana, yuko mjini."

"Basi akirudi umwambie, Jumamosi saa kumi asikose kukuja kwangu. Wamama wote tutakuwa pale." Alitabasamu mpaka mwanya wake ukaonekana. "Asikose kabisa kabisa!"

Shami alizipokea parachichi na hakuweza hata kusema asante. Kwangu. Jumamosi. Saa kumi. Kumbe ni yeye! Mwanamke aliyemfunga bendeji alipoanguka na baiskeli, aliyesuka nywele zake siku ya ubatizo! Shami alisimama getini akimtazama akiondoka, na kila mwanamke aliyepita barabarani na kumpungia mkono alimwona kuwa mmoja wao.

Siku ya pili shuleni alimwendea Kirezi wakati wa mapumziko. "Mama yako na mama yangu wamegombana?" aliuliza akijifanya hajali.

Kirezi aliziba mdomo kwa viganja viwili, macho yakimcheka. "Nani amekuambia habari ya Jumamosi? Mama amesema nisisemee mutu. Hata wewe, hasa wewe!" Akakimbilia kwenye kamba na wenzake. Shami hakuruka kamba siku hiyo. Alikaa ukutani akaona jinsi watu wanavyoweza kucheka na huku wamepanga ubaya.

Jioni mama alikaa kwenye kompyuta, akabonyeza, akangoja. Hakuna kilichotoka. Akabonyeza tena. "Ajabu," alisema. "Kompyuta inasema printa haipo, na mimi naiona hii hapa mbele ya macho yangu. Shami, umegusa kitu?"

"Hapana, Mama."

Jibu lilitoka kabla hajalipima. Mama alihangaika mpaka akachoka, kisha akampigia simu Alida, dada yake Bayingana, ambaye alikuwa fundi katika duka la kompyuta pale Sonatubes, mjini. Kulikuwa na mkataba ambao lazima uwe umechapwa kabla ya Jumatatu. Alida aliahidi kuja kesho yake.

Jumamosi ile haikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, kwa hiyo asubuhi ilikuwa ndefu na tulivu, na kwa Shami ilikuwa ya mateso. Alimwambia mama tumbo linamuuma sana. Aliomba asiachwe peke yake mchana wala jioni. Mama alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akamchemshia tangawizi, akamfunika kanga. Huruma hiyo ndiyo iliyomuumiza Shami kuliko tumbo la uongo. Alikunywa tangawizi yote, kali vile vile, bila kulalamika.

"Shangazi yako atakuwa hapa," mama alisema. "Mama Kirezi alinipigia simu jana, kumbe ulisahau kuniambia. Nitapita kwake kidogo tu, nirudi."

"Usiende!"

"Kwa nini?"

Shami alitazama kanga. "Basi tu."

Shangazi Alida alifika baada ya chakula cha mchana, akamrudishia mwenye pikipiki kofia yake, akaingia na mfuko wa vifaa begani na mzaha mdomoni kama kawaida yake. "Wifi yangu, nimekuja kutibu waifai yako! Msije mkatuchanganya, mmoja wetu hapa hana neno la siri."

Mama alicheka. Shami aliposikia "neno la siri" alijifunika kanga mpaka puani.

Shangazi alianza kazi. Umeme upo? Upo. Karatasi zipo? Zipo. Wino? Upo. Aliizima kompyuta na kuiwasha. Alikizima kile kisanduku cha intaneti kilichokuwa juu ya kabati, wakakingoja kiwashe taa zake zote, akajaribu tena. Hakuna. Aliifuta printa kwenye kompyuta ili aiunganishe upya, na kompyuta ikatafuta, ikatafuta, isiione.

"Mashine inaugua mahali ilipoguswa," alisema akijifuta jasho. "Mkiniambia nani aligusa na wapi, naanzia hapo. Mkiniambia hakuna aliyegusa, lazima nikague yote, toka kucha mpaka nywele. Shami, kweli hukucheza nayo?"

"Kweli, Shangazi," Shami alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba mno.

Shangazi akashusha pumzi, akarudi mwanzo. Saa ya ukutani ilikuwa ikienda. Hatimaye mama aliinuka, akavaa kitenge chake kizuri, akajitazama kwenye kioo cha kabati na kupangusa nyusi. "Endelea taratibu, wifi. Mimi nimealikwa hapo jirani saa kumi, na Mama Kirezi hapendi watu wa kuchelewa."

Alichukua mkoba. Alivaa viatu. Alishika kitasa.

Shami alijua kwamba akikaa kimya sasa hivi, siri yake itabaki salama. Hakuna atakayejua habari ya ukuta. Lakini mama atatoka kwa mlango ule na kwenda moja kwa moja kwa watu wanaomngoja. Kanga ilianguka sakafuni. Shami aliufikia mlango kabla haujafunguka na kuusimamia kwa mgongo, mikono ameitandaza.

"Usiende, Mama! Watakupiga! Wamama wote wamepanga, na wewe usijue!" Machozi yalikuwa yakimporomoka. "Ni kosa langu. Nilimpa Kirezi neno la siri. Printa ikachapa peke yake. Mimi nikaizima pale kwenye alama ya mawimbi. Na tumbo haliumi!"

Alitoa karatasi kwenye soksi. Mama aliikunjua taratibu kwa sababu ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Alisoma. Tabasamu lilimtoka usoni, akasoma tena, na kwa mara ya kwanza Shami alimwona mama yake naye anaogopa.

"Nimewafanyia nini hawa watu?" mama alisema polepole.

Shangazi Alida aliisoma akiwa amesimama begani kwa mama. Alikwenda kwenye printa, akabonyeza kile kitufe cha mawimbi na kukishikilia. Taa ya buluu ilipepesa, kisha ikatulia. "Saa nzima nimehangaika, kumbe ni hiki tu," alisema. "Sasa tungoje. Aliyetuma hii, kama kompyuta yake bado imewashwa, kazi yake haikwisha. Ilikatwa katikati, na huwa haikati tamaa."

Hawakungoja sana. Ndani ya printa kukaunguruma, kukagonga. Shami alishika kitenge cha mama kwa nguvu. Karatasi ilitoka, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, yaleyale maneno. Kisha ukatoka wa nne, ambao hakuna aliyekuwa ameuona.

KILA MUTU AKUJE NA KALAMU NA KAKARATASI KA KULA. MWENYEKITI WETU MUPYA NI YEYE TU!

Halafu Shangazi Alida aliketi chini, sakafuni kabisa, akacheka mpaka akauangusha mfuko wa vifaa. "Kura!" alipiga kelele. "Atapigiwa kura! Jamani, ni kura! Sisi wa Kigali r na l tunazichanganya kama maharage na mchele, na huyu mama wa watu ameandika anavyotamka. Wanataka kukuchagua mwenyekiti wa umoja wenu wa wamama wa mtaa, wifi. Wanaogopa ukijua utakataa kama mwaka jana."

Shami aliruka kwa furaha. Hakuna wa kupigwa! Lakini alipomtazama mama alikuta hacheki. Alikuwa amezishika karatasi zote mbili, ile safi na ile iliyochakaa.

"Na imefikaje kwangu?" mama aliuliza.

Shangazi alijibu akijifuta macho. "Kompyuta ya jirani imeingia kwenye waifai yako, ikaiona printa yako, ikaichukua kuwa ndiyo yake. Mama Kirezi anabonyeza kwake, karatasi zinatoka kwako. Leo ni tangazo la kura. Kesho ingekuwa karatasi ya hospitali, au mkataba wa mteja wako unatokea kwao."

"Vaa viatu, Shami," mama alisema. "Tunakwenda sote wawili. Mengine tutazungumza tukirudi."

Hayo "mengine" yalimfanya Shami aogope upya njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa ya kuzunguka ukuta tu.

Sebule ya Mama Kirezi ilijaa wanawake na harufu ya chai ya maziwa. Waliposhangilia, mama aliinua mkono na kumsukuma Shami mbele kidogo. Hakumsaidia hata neno. Shami alitazama sakafu, kisha akajilazimisha kumtazama Mama Kirezi, akasema yote: ukuta, neno la siri, printa, karatasi, na jinsi alivyomdhania ubaya mtu aliyemletea parachichi. Kirezi, aliyekuwa amebeba sinia la vikombe, alisimama kama amegandishwa.

"Yoo, Mana yanjye! Mungu wangu!" Mama Kirezi alishika kichwa. "Kumbe ndiyo sababu! Toka Alhamisi napiga plinta yangu makofi, nasema imekufa, haitoi kitu! Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuita watu na mudomo!" Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, unaingia waifai ya watu bila kusema?" Kirezi akaangalia vikombe.

"Kirezi aliomba," Shami alisema. "Mimi ndiye niliyetoa."

Wanawake walicheka, wakamvuta Shami miongoni mwao, wakampa chai. Mama alipigiwa kura wala hakukataa. Mkutano ulipokwisha walirudi nyumbani, wakakuta Shangazi Alida amekwishachapa mkataba wote. Alimkalisha Shami kwenye kompyuta, akamwelekeza jinsi ya kubadilisha neno la siri. Alimwacha aliweke upya yeye mwenyewe kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye printa, hata pale alipokosea na kuanza tena.

Shangazi alipoondoka, mama alivuta kiti na kuketi mbele ya Shami. Hakuwa na hasira, na Shami angependa zaidi kama angekuwa nayo.

"Kumpa rafiki neno la siri ni kosa," mama alisema. "Ulimhurumia mtu, ukavunja amri. Kwa hilo ningekukemea jioni moja na yangekwisha. Lakini sikiliza. Kwa siku mbili uliamini kwamba mama yako atapigwa. Uliamini kabisa. Na ukanyamaza, ili wewe usikemewe."

Hakuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo. Aliona sasa kwamba ndivyo lilivyokuwa, na kulia kwake safari hii hakukuwa kwa hofu. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akaishika mikono yake.

"Mwisho wake ulisimama mlangoni ukasema, na nimeliona hilo. Lakini shangazi yako alikuuliza, mimi nilikuuliza, ukatuacha tutafute gizani. Mtu anayekupenda hawezi kukusaidia kwa jambo usilomwambia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama. Nitakuambia kila kitu, hata nikiwa nimekosa."

"Hasa ukiwa umekosa," mama alisema, akampangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake kizuri.